Mida au Sabaki? Kuchagua pa kutazama ndege wa pwani msimu wa kaskazi

Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati Siberia na sehemu kubwa ya Ulaya zimeshikwa na baridi, ndege wa matopeni waliozaliwa huko wanakuwa wageni wa pwani yetu. Kaskazi inavuma, maji yakipwa tope linabaki wazi, na ndani ya tope hilo kuna kaa, minyoo na kombe wa kutosha kulisha maelfu. Mtu mwenye siku moja tu ya kuwatazama katika pwani ya kaskazini ya Kenya anabaki na swali moja: aende hori la Mida (mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu) pale Watamu, au aende mlango wa Mto Sabaki, juu kidogo ya Malindi?

Kutoka sehemu moja hadi nyingine ni kama saa moja kwa gari, kwa hiyo umbali si hoja kubwa. Wala usichague kwa sifa ulizosikia, maana sehemu zote mbili zinastahili sifa zake. Chagua kwa maji. Nimeona watu wamesafiri kutoka Nairobi, wamefika Mida siku nzuri lakini saa mbaya, wakaona vitone vyeusi mbali kwenye upeo wa tope, wakarudi wakisema Mida haina kitu. Ndege walikuwapo wote, ila maji hayakuwa upande wao.

Maji kwanza

Katika pwani hii saa za maji zina mpangilio unaotabirika. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takribani dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja, yakiwa maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na kupwa jioni. Tena maji mafu hayaendi mbali wala hayapandi sana, wakati siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3.

Jedwali la maji la Mombasa linapatikana kwa urahisi mtandaoni na linafaa kwa sehemu zote mbili, ila kumbuka kwamba maji ya ndani ya hori la Mida huchelewa nyuma ya bahari, kwa sababu yanapita mlango mwembamba. Na ukimkuta mzee mvuvi njiani, mpe shikamoo yake kwanza, kisha muulize maji ya leo. Atakujibu bila kutazama simu, na mara nyingi atakuongezea habari ya upepo ambayo jedwali halina.

Sasa, Mida inataka maji yanayopanda. Yakiwa yamepwa kabisa, tope linapanuka hadi mbali sana na ndege wanatawanyika humo wakila. Yakiwa yamejaa kabisa, hakuna tope. Ndege wameshakwenda kupumzika kwenye mafungu ya mchanga na juu ya mikoko. Saa yake ni ile ya kati, saa mbili au tatu kabla ya kujaa, pale ukingo wa maji unapowasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea ulipokaa. Siku ya bamvua, hiyo ni kuanzia saa saba au saa nane mchana. Kuna baraka nyingine hapo: kibanda cha kutazamia kiko upande wa magharibi wa hori, kwa hiyo mchana na jioni jua liko mgongoni na kila unyoya unaonekana. Ukienda asubuhi unatazama mwanga, na ndege wote wanakuwa vivuli.

Sabaki ni kinyume. Maji yakijaa baharini, miamba na fukwe wanakolishia ndege zinafunikwa, nao wanakuja kupumzika kwenye mafungu ya mchanga ya mdomo wa mto. Na hata maji yakiwa vipi, kuanzia saa kumi jioni buabua na shakwe, ndege wa baharini, huanza kurudi kutoka baharini kwa makundi kuja kulala. Ndiyo maana kama siku yako pekee imeangukia maji mafu, mimi ningekwambia uende Sabaki bila kusita: maji ya namna hiyo hayana nguvu ya kuwasogeza ndege wa Mida karibu nawe, lakini hayawazuii buabua kurudi nyumbani Sabaki.

Mida: ndege mmoja mmoja, kwa karibu

Hori la Mida halina mto unaoingia ndani yake. Maji yake matamu hupenya chini kwa chini kupitia mawe ya matumbawe, na labda ndiyo sababu maji yake hubaki safi na mikoko yake imenawiri: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, na mlilana upande wa mbele unaopigwa na maji. Eneo lote liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kusini kidogo ya Gede, njia ya vumbi inakuteremsha hadi kwenye daraja la mbao la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda ukingoni mwa tope.

Kibanda hicho ndicho kinachoitofautisha Mida na Sabaki. Unakaa, huonekani, na ndege wanakuja wenyewe. Hulazimiki kumfukuzia yeyote. Kiingilio kinalipwa, na fedha zake zina kazi inayojulikana: mpango wa ASSETS, unaoendeshwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya tangu 2001, huzitumia kusaidia karo za sekondari za watoto wa jamii zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Lipa kwa moyo mkunjufu. Ila kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize hali ya daraja, kwa kuwa mbao na kamba zilizo juu ya maji ya chumvi hazidumu, na huwa linafungwa kufanyiwa matengenezo.

Ndege anayewaleta watu Mida ni yule mla kaa, *Dromas ardeola*. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu-samawati, na mdomo mnene mweusi ambao hakuna ndege mwingine wa matopeni aliye nao. Katika uainishaji yuko peke yake katika familia yake. Huzaa kandokando ya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Oman na Somalia, na huzaa kwa namna isiyo ya kawaida kwa ndege wa aina hii: huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Kisha hushuka kwetu kufuata kaskazi, njia ileile ya majahazi ya zamani.

Mtazame mmoja tu kwa robo saa na utaona kazi. Anasimama, kichwa kimeinama, hatingishiki. Kaa anatoka shimoni, anainua gando. Ndege anakwenda hatua tatu au nne za haraka, anamdaka, na kama kaa ni mkubwa anamtikisa na kumbamiza hadi magando yaachie, moja baada ya jingine, kisha anammeza mzima. Kinda wa mwaka huo, mwenye rangi hafifu zaidi, mara nyingi yuko nyuma yake analia akiomba, ijapokuwa ameshasafiri safari nzima kutoka kaskazini na mabawa yake yamekomaa. Wazazi wa jamii hii huendelea kulisha watoto wao hata wakiwa huku ugenini, na Mida ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo bila kutumia nguvu.

Kando yake utamwona kitwitwi wa Terek, mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu na miguu ya manjano iliyokoza. Huyu hajui kutembea. Anakimbia ameinama, anageuka ghafla, anakimbia tena, kama mtu aliyeangusha sarafu. Sululu yuko pia, na mdomo wake umepinda kuelekea chini. Mlio wake wa filimbi zinazofuatana utausikia kabla hujamwona. Juu ya nguzo au mlilana mkavu huenda yuko tai mla samaki aliyekuja kutoka Ulaya, na yangeyange weupe na weusi wa pwani wanavua kwenye vidimbwi.

Halafu kuna wale wawili wanaoumiza vichwa: vitwitwi wadogo wa mchangani, mmoja anayezaliwa kwenye milima ya Asia ya Kati na mwingine kwenye nusu-jangwa za bara hilohilo. Kwa mbali hawatofautiani. Kibanda cha Mida ni mahali pa kujifunza, kwa kuwa wanakaa pamoja na unaweza kuwalinganisha mdomo kwa mdomo: mkubwa ana mdomo mrefu mzito na miguu inayoonekana mirefu kuliko mwili, mdogo ana uso mpole na mdomo mfupi. Ukishawatenganisha Mida, utawatambua popote, hata kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi kule Dar es Salaam.

Nitaongeza jambo moja kuhusu tarehe. Desemba na Januari wengi wao ni wa kijivu, na mgeni anaweza kuona wote wamefanana. Ukiweza kusubiri hadi mwisho wa Machi, kabla tu hawajaondoka, wanavaa rangi za kuzalia: kitwitwi mdomo-kombo, ndege wa gramu 60 hivi anayerudi kuzaa kaskazini kabisa ya Siberia, anakuwa mwekundu wa tofali, na wale wa mchangani wanapata kifua cha machungwa. Idadi inaanza kupungua, lakini uzuri unaongezeka. Mimi ningechagua wiki hiyo.

Sabaki: umati, na yasiyotarajiwa

Mto Sabaki ni uleule Athi unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unaokutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha unaingia baharini ukiwa na jina hili. Hubeba udongo mwingi sana. Ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka kahawia msimu wa mvua na ufuo wa mji umepanuka kwa miaka mingi. Udongo huohuo ndio unaojenga mafungu, vidimbwi na matope ya mdomo wa mto, na kila mwaka unayabadilisha. Ramani uliyochorewa na rafiki mwaka jana inaweza isikufae mwaka huu.

Hapa hakuna kibanda wala daraja. Ni kutembea: unashuka karibu na daraja la barabara ya kwenda Mambrui, unafuata ukingo wa mto au vilima vya mchanga hadi ufuoni, na kivuli hakuna. Unatembea juani saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, ukisimama kila mara kuinua darubini. Ila ukifika, unakuta anga pana, mto, bahari na mchanga, na juu ya mchanga huo umati.

Buabua ndio wenyewe wa Sabaki. Wako wa mdomo wa machungwa, wako wakubwa wa mdomo wa manjano, wako wadogo kabisa wa Saunders ambao ukikosa subira utadhani ni mapovu. Wanakaa wote wamekabili upepo. Akipita mwewe, wananyanyuka kwa pamoja, mchanga wote unaonekana umeinuka, kisha wanashuka tena mahali palepale wakigombania nafasi. Kati yao wamo shakwe wenye kichwa cha moshi wa pwani ya Uarabuni na wale wakubwa wa kutoka Urusi. Ukipenda kazi ya kupekua kundi ndege kwa ndege ukitafuta yule mmoja aliye tofauti, hakuna mahali pwani hii panapokupa nafasi kama hapa. Kitwitwi mdomo-mpana, ambaye kwingine ni bahati kumwona, watafutaji wake huja Sabaki. Ukingoni mwa mawimbi, vitwitwi weupe wanakimbia na maji yanapoondoka na kurudi mbio maji yanaporudi, na kwenye vidimbwi vya nyuma unaweza kukuta heroe, mwari, korongo na domomwiko.

Tatizo la Sabaki ni kwamba haina ahadi. Siku moja mafungu yamejaa, siku nyingine wavuvi wamepita na kundi limehamia ng'ambo ambako darubini ndogo haifiki. Baada ya mvua za vuli mto unaweza kuwa umefura hadi hakuna fungu lililobaki, kwa hiyo Novemba ni bahati nasibu. Januari na Februari ni salama zaidi. Mla kaa anaonekana, lakini si kwa ukaribu wa Mida.

Na kuna viboko. Hili silisemi kwa kutisha watu. Mchana wanalala majini, jioni wanatoka kula majani, na njia zao ndizo njia utakazotaka kurudia ukiwa umechelewa kwa ajili ya buabua. Mamba wapo pia. Usivuke mkondo wowote kwa miguu, hata ukiona watoto wa kijiji wanavuka, na usiende bila kijana wa pale anayejua viboko wako wapi wiki hiyo. Vijana hao wapo, wanawajua ndege vizuri kuliko wageni wengi, na malipo yao ni haki yao. Sabaki si hifadhi ya taifa. Kinachoilinda zaidi ni wanakijiji kuona kwamba ndege wale wanaleta riziki.

Safari, mfuko na mwili

Kwa usafiri wa umma Mida ni rahisi zaidi: matatu yoyote ya Mombasa–Malindi inakushusha njia panda, na bodaboda inamalizia. Sabaki nayo inafikika kwa matatu za kwenda Mambrui au kwa tuktuk kutoka Malindi, ila patana na dereva akusubiri au akurudie saa maalumu, maana giza likiingia utapata shida.

Gharama hazitofautiani sana. Mida utalipa kiingilio na pengine kiongozi. Sabaki utalipa kiongozi tu, lakini utatumia zaidi kwenye usafiri. Darubini ya kawaida inatosha Mida. Sabaki darubini ya miguu mitatu inaleta tofauti kubwa, na kama huna, tafuta kiongozi aliye nayo.

Ukiwa na mama yako, watoto wadogo, au mtu mwenye magoti mabovu, usifikirie mara mbili: Mida. Ingawa daraja linayumba na wengine hawalipendi, mwendo ni mfupi na mna kivuli. Tena upande wa Dabaso, kwenye hori hilohilo, kuna mgahawa wa kikundi cha wenyeji uliojengwa juu ya mikoko, na sambusa zao za kaa zinatosha kuwafurahisha hata wasiojali ndege. Sabaki beba maji yako, zaidi ya unavyodhani utahitaji, na kofia.

Kotekote, jambo moja halina mjadala: usiwarushe ndege ili upate picha. Wanapopumzika wanatunza mafuta ya mwili yatakayowafikisha Asia na Siberia, na kila wakirushwa wanayachoma bure. Mida kibanda kinakuzuia. Sabaki ni nidhamu yako tu, kwa hiyo simama mbali, subiri, kaa chini mchangani, watakuzoea. Na ukiona pete mguuni mwa ndege, andika rangi, mguu gani, na saa, uwapelekee A Rocha, ambao wamekuwa wakiwanasa ndege wa Mida usiku na kuwavisha pete ili kujua wanakwenda wapi.

Kwa hiyo uende wapi?

Kama ni mara yako ya kwanza kutazama ndege wa pwani, na siku yako iko ndani ya siku tatu hivi za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, nenda Mida, fika saa tatu hivi kabla ya maji kujaa (siku yenyewe ya bamvua ni saa saba mchana), usiondoke kabla hayajajaa. Utarudi unawajua ndege sita au saba kwa hakika, na hiyo ni mali kuliko kuona maelfu usiowajua hata mmoja.

Kama umeshaizoea Mida, au unakusanya aina adimu, au siku yako imeangukia maji mafu, nenda Sabaki, anza kutembea saa tisa jua likianza kupungua makali, na hakikisha umegeuka kurudi kukiwa bado na mwanga wa kutosha.

Wenye gari wataniuliza kuhusu zote mbili kwa siku moja. Inawezekana siku ya bamvua: Sabaki tangu alfajiri, wakati maji yanapwa na matope ya mto yanafunguka, kisha chakula Malindi, kisha Mida mchana. Lakini utakosa buabua wa jioni, ambao ndio sababu kubwa ya kwenda Sabaki, na utafika Mida umechoka. Ningelala Watamu au Malindi na kuzipa siku mbili.

Na usiihesabu Sabaki imekwisha kaskazi ikiisha. Kuanzia Aprili, wageni wa Siberia wakiwa wameondoka, kwenye mafungu yaleyale hutua ndege wa Madagaska wanaowinda hewani, *Glareola ocularis*, wanaopitisha huku miezi ya kusi, na katika majira hayo Mida, iliyobaki na mla kaa wachache wachanga, haiwezi kushindana nayo.